Siku Niliyomtuma Mke Wangu Peke Yake

Ninawasalimu, ndugu, kwa jina la Yule aliyetuamsha leo. Mchungaji alinipa nafasi hii mara mbili nikakataa. Leo nimekubali. Nitasema tu yaliyotokea.

Mnanijua. Mimi nilikuwa mtu wa haraka. Saa kumi na mbili ng'ombe wamekamuliwa, saa tano kikapu cha pili cha chai kimejaa. Zamu yangu ya kutembelea wagonjwa ikifika, nilimaliza nyumba sita kwa alasiri moja. Mnacheka. Wengine wenu ndio mlikuwa hao wagonjwa. Mke wangu alikuwa akisema, "Mzee, wewe ukiomba, amina inakukuta kwenye geti." Nami nilidhani ananisifu.

Mwaka juzi alipata uvimbe shingoni. Hospitali ikampa Jumanne aende kuchukua majibu. Jumanne ilikuwa siku yetu ya kuchuma. Akaniambia, "Twende wote."

Ndugu zangu, nawaambia, ile safari niliipanga vizuri sana. Nilimwita mtu wa pikipiki, nikapanga karatasi zake kwa bahasha, nikamfungia chai kwenye thamosi. Dakika kumi tu. "Tukienda wawili," nikamwambia, "tutapoteza siku mbili za kazi, yako na yangu." Akaenda. Mimi nikachuma.

Jioni nikamuuliza wamesema nini, nikiwa nimesimama mlangoni na ndoo ya maziwa. Akasema, "Wamenipa dawa." Nikasema Mungu ni mwema, nikaenda kwa ng'ombe.

Nilipokuja kujua ni saratani, alikuwa hawezi kumeza uji. Alikufa kabla mahindi hayajakomaa.

Mazishi pia niliyapanga. Hema, chakula, programu. Watu walifika makwao kabla ya mvua. Walinisifu. Sikulia. Siku ya tatu nilirudi shambani. Nilikula kwa sababu ni saa saba, nikalala kwa sababu ni usiku. Hata maombi yalitoka yamepangika, lakini ndani hakukuwa na mtu.

Siku moja kwenye kituo cha kununua chai, karani akamwaga majani yangu juu ya meza. "Mzee, hapa umechuma ama umefyeka?" Tunatakiwa kuleta majani mawili na chipukizi. Mimi nilikuwa nimeleta hata vijiti. "Chambua yote, ama urudi nayo."

Nikaanza kuchambua, jani moja moja. Mama mmoja jirani, rafiki wa mke wangu, akaja upande wa pili wa meza akanisaidia. Tukafika nusu ya rundo. Kisha akasema bila kuniangalia:

"Ile Jumanne nilimkuta huko hospitali, amekaa kwa benchi nje. Walikuwa wamemwambia tangu asubuhi. Nikasema twende nyumbani, akakataa."

"Alikuwa anangoja nini?"

"Alisema anatafuta namna ya kukuambia kwa dakika mbili. Alisema ndizo uko nazo."

Hata hapo sikulia. Lakini mikono yangu ilisimama. Lori likaja, likabeba chai ya wengine, likaondoka. Yule mama akabaki pale nami. Jioni yeye na bwana wake wakanikaribisha kwao, wakanipa mursik, maziwa yetu ya mgando ya kibuyuni, wala hawakuniuliza kitu. Wiki iliyofuata wakaniita tena. Wamefanya hivyo mwaka mzima. Wako hapa, nami nawashukuru, na Mungu aliyewafundisha kukaa.

Nilijua kufanya kazi ya siku mbili kwa siku moja. Sikuwahi kujiuliza ile siku inayobaki ni ya nani. Niliijaza kazi nyingine, nikaiita baraka. Kumbe mtu anaweza kuwa mwepesi katika kila jambo, na bado asiwe mahali anapotakiwa.

Siku hizi natembelea nyumba moja tu, na nakaa mpaka mgonjwa achoke na mimi. Bado sihisi mengi. Mchungaji anasema hisia zitarudi polepole. Namshukuru Mungu hata kwa hiyo polepole.

Sasa nina ombi. Kama kuna mtu wako nyumbani aliyekuomba mwende pamoja mahali, nawe ukampangia safari vizuri ukaja hapa, ibada hii bado ina saa nzima. Inuka uende. Pita hapa mbele yangu, hata nikiwa bado naongea.