Zawadi Haipo Mezani: Mkuu wa Ushuru Anapotuaga

Tarehe 30 Juni, Mkuu wa Kitengo cha Ushuru anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi. Alianza akiwa karani wa ukaguzi wa mizigo, akapanda hadi kuwa mwandishi wa kanuni tunazozitumia leo. Tulimwita Mama Mkasi, kwani hakuna rasimu iliyotoka mezani kwake na maneno yote iliyoingia nayo.

Kwa desturi, ofisi hii humuaga mstaafu kwa mkoba wa ngozi ulioshonwa na fundi wa ng'ambo ya barabara. Mwezi uliopita kamati ya zawadi ilivuka barabara ikakuta karakana imefungwa. Tuliduwaa. Madirisha yetu yanatazama kibao chake, na hakuna aliyekuwa ametambua.

Mama Mkasi alimfuata fundi nyumbani. "Dada," fundi akamwambia, "mnunuzi wangu wa nje hana ugomvi na mkono wangu. Ana ugomvi na bei." Zipu na bizimu za mikoba huagizwa kutoka nje na kutozwa ushuru. Anayeuza mikoba nje hurudishiwa ushuru huo, lakini baada ya miezi mingi. Kiwanda kikubwa humudu kusubiri; fundi hulazimika kupandisha bei, na mnunuzi huhamia kwingine. Ushuru wenyewe uliwekwa kuwalinda watengenezaji wa zipu wa hapa nchini, ambao wote walikwisha kufunga viwanda.

Katika kikao chake cha mwisho, Mama Mkasi alipendekeza ushuru huo uondolewe. Ukumbi ulipigwa na butwaa. Mkurugenzi alimuuliza, kwa sauti ya chini, kama anakumbuka kifungu cha ushuru huo kiliandikwa na nani.

"Na mimi, mzee. Kwa hiyo usihofu kumuudhi mwandishi."

Hatujapata kumwona ofisa akitumia siku zake za mwisho kubomoa kazi iliyompandisha cheo. Baadhi yetu bado hatujakaa sawa. Kifungu kimesitishwa, na karakana imefunguliwa.

Ndiyo sababu, mwenzetu, leo zawadi yako haipo mezani. Mnunuzi wa nje amerudi, na fundi ametueleza bila haya kwamba mkoba wa ofisi utakaa foleni nyuma ya mzigo wake. Tunakushukuru kwa foleni hiyo. Nenda kaonje asubuhi zisizo na vikao, ukiwa na afya na furaha tele. Mkoba utakufuata nyumbani.