Baba wa Ubatizo wa Watoto Sitini na Mmoja

Tarehe 30 Juni Mzee Dominick Chitanda atafunga kabati la vitabu vya ubatizo na kukabidhi ufunguo, baada ya miaka thelathini na sita ya ukarani katika parokia yetu. Nimeombwa kuandika mimi, Salome wa jikoni, kwa kuwa ndimi niliyempelekea chai ofisini miaka ishirini ya mwisho.

Vitabu alivikuta vikiliwa na mchwa. Kile cha kwanza, cha enzi za Wajerumani, kilibaki na nusu jalada. Alikivisha nailoni, akatandika majani ya mwarobaini kabatini, na tangu hapo hakuna jina lililopotea. Mtajie bibi yako, anakufungulia ukurasa kabla hujakaa. Akikosea mwaka, ananuna hadi chakula cha mchana, na anayeumia ni mimi.

Mzee hakuoa. Watoto kawapata hivi: wazazi wa kwetu hupenda msimamizi wa ubatizo anayeishi Dar es Salaam, ili waonekane. Siku yenyewe basi la msimamizi linaharibika njiani, Miteja, maji yako tayari, mtoto analia, na Padri anapaza sauti kuelekea ofisini: “Dominick, hebu njoo umshike huyu!” Anavua miwani, anakwenda, kisha anarudi kujiandika mwenyewe kitabuni. Mara sitini na moja.

Anajua siku ya kuzaliwa ya kila mmoja wao. Wao humkumbuka wakitaka cheti cha ubatizo ili wafunge ndoa huko mijini. Anakituma siku hiyohiyo, halafu anaandika pembeni mwa jina tarehe ya harusi ambayo hakualikwa. Mara nyingi nimemkuta amekitazama kitabu, chai imepoa. Inaniuma, sina namna nyingine ya kusema.

Kwa sherehe hii aliomba jambo moja tu, wanawe waalikwe. Tuliowapata kwa simu tumewaandikia. Hadi tunachapa ratiba hii wamejibu wawili. Mmoja atajitahidi. Wa pili, Veronika, ameuliza kama cheti chake kinaweza kutoka kabla mzee hajaondoka. Kimeshatoka.

Safu ya mbele ni yao. Mzee ameipanga mwenyewe na kubandika majina kwenye viti.

Ahsante sana, Mzee Dominick. Nenda salama kwa dada yako Kidawa kule Mitwero, Mungu akupe afya na watu wa kupiga nao soga. Na misa ikianza safu ile ikiwa tupu, usigeuke kutazama mlango. Tutakuja kukaa sisi wa jikoni, juu ya majina hayohayo.