Gari la Mia Nne na Thelathini

Awiti alipanda basi Kawangware akitaka kusinzia mpaka Ayany, lakini jirani yake wa kiti, aliyejiita Muia, hakumwacha. Kila gari jipya la umeme likipita, Muia alibandika uso dirishani asome namba ya kiwanda iliyo kwenye kioo.

"Hiyo ni mia nne na kumi na nane," alisema, kana kwamba Awiti ndiye aliyemtuma. "Langu, nililokwisha lipia, ni mia nne na thelathini. Wananifikia sasa hivi. Gari langu la zamani, Probox, nishauza."

"Kumbe wametengeneza mengi hivyo."

"Si unaona mwenyewe."

Awiti akajikuna shingo. "Landlord wangu pale Sarang'ombe ana vyumba tisa. Mimi naishi namba thelathini na moja. Alianza na ishirini na tano, ndio tusione ploti ni ndogo."

"Hiyo ni ploti, madam. Hawa ni watu wa kiwanda."

"Sawa. Na namba ya chini kabisa umewahi kuona ni gani?"

Basi likasimama.

"Mia nne na moja," akasema akiinuka. "Lakini hiyo ni ya kitambo sana."