Mama Pindo, Aliyesubiri Majibu ya Kisima

Marehemu tunayemsindikiza leo alizaliwa Jumamosi, tarehe 14 Machi 1959, mtoto wa nne kati ya sita wa baba fundi viatu na mama muuza mboga. Mama yetu alikuwa akisimulia kwamba mtoto huyu alizaliwa kimya, mkunga akamfinya ndipo akalia, tena kidogo tu, kama mgeni anayebisha hodi kwenye nyumba asiyoizoea. Na ndivyo alivyoishi.

Alisoma shule ya msingi mpaka darasa la saba, akamaliza mwaka 1973. Hesabu zilimpiga chenga, lakini hakuwahi kuchapwa kwa utundu. Siku moja kioo cha dirisha kilivunjwa, mwalimu akamuuliza ni nani, akajibu ni upepo. Jani halikutikisika siku hiyo. Mwalimu mwenyewe alicheka akamwacha, maana alijua mtoto huyu hawezi kumwaibisha mtu, hata aliyemkosea.

Mwaka 1976 shangazi yetu alimfundisha cherehani, na cherehani ndiyo iliyomlisha maisha yake yote. Alishona sare za shule, kila sare akiacha pindo kubwa ili ishushwe mtoto anapokua, na hapo ndipo alipopata jina la Mama Pindo. Jirani mmoja alimtania kwamba sketi aliyomshonea bintiye ina sketi nyingine ndani. Alimjibu, "Wifi, mtoto anakua, kitambaa hakikui." Mteja akivaa, hata kama nguo imembana, aliambiwa amependeza, kisha polepole akaombwa aivue kidogo irekebishwe.

Na tuseme hapa jambo moja, ingawa wengine mtaona tunapotea njia. Marehemu alikuwa mtu wa salamu. Ukimkuta na homa, anatetemeka, ukamuuliza habari, alijibu "njema," ndipo akasema, "ila mwili wote unauma." Sote tumelelewa hivyo. Uzima kwanza, shida inafuata. Mtu haanzi mazungumzo kwa kulia. Shikeni hilo, tutalihitaji mbele.

Aliolewa tarehe 5 Desemba 1981 na shemeji yetu mlinzi, mtu wa mizaha, aliyependa kusema kwamba yeye analinda mali za watu na mkewe anayalinda makalio yao. Walijaliwa binti na mtoto wa kiume. Walihamia mtaa ule ulio nyuma ya karakana ya betri iliyofungwa, na serikali ilipochimba kisima chenye pampu karibu na mlango wao, wakazi walimkabidhi marehemu ufunguo. Walisema huyu hatamnyima mtu. Kweli hakumnyima mtu. Kila asubuhi alifungua pampu kabla ya kufungua cherehani.

Shemeji alifariki tarehe 2 Juni 2017 kwa ugonjwa wa figo. Baada yake akafuata fundi baiskeli, kisha mke wa kinyozi, wote figo, wote wa mtaa ule ule. Ndipo watu wakaanza kumuuliza marehemu, ndoo ikiwa chini ya bomba, kama maji haya ni salama. Yeye aliyekuwa tayari kumwambia kila mtu amependeza alishindwa kusema neno. Maji ya kununua kwenye gari yalikuwepo, lakini bei yake haikuwa ya watu wa mtaa huo. Akifunga pampu, watakunywa nini? Akiifungua, anawagawia nini? Swali hilo lilikaa naye mezani, likalala naye kitandani.

Mwaka 2019 walikuja wataalamu wa serikali wamevaa makoti meupe, wakajaza maji kwenye chupa, wakasema majibu yatawekwa wazi kwa wananchi wote kwa kuwa ni haki yao kisheria. Marehemu alimshonea mmoja wao kifungo, akawashukuru. Majibu hayakuja. Akaenda ofisini. Kijana wa mapokezi alimpokea kwa heshima sana, akamweleza kwamba siku hizi serikali haifichi kitu, kila ripoti iko kwenye tovuti.

"Basi mwanangu, nifungulie hapo nione," marehemu alisema.

"Mama, mtandao wa hapa ofisini haupo tangu wiki iliyopita."

Akaenda kwa dada wa fotokopi, mwenye duka lenye kompyuta pale stendi. Tovuti ilifunguka vizuri. Juu kulikuwa na maneno "Uwazi na Uwajibikaji" na picha ya mtoto anakunywa maji huku anacheka. Penye ripoti za ubora wa maji paliandikwa kwamba ukurasa unaandaliwa. Dada wa fotokopi akamsaidia kutuma ombi la taarifa, akamfundisha kufuatilia kwa simu.

Wakasubiri miezi. Ndipo siku moja ujumbe ukaingia kwenye simu ya marehemu, akiwa peke yake anapiga pasi. Ulisema ombi lake limepokelewa, ukamuuliza: je, umeridhika na huduma yetu? Ndiyo au hapana. Marehemu alibonyeza ndiyo. Angefanyaje? Mtu amekuja mpaka kwako, amekujulia hali, utaanza kwa kumwambia hapana? Alijibu njema kwanza, akakaa na simu mkononi akingoja aulizwe tena, ili aseme ile "ila" yake. Ujumbe uliofuata ulisema: "Asante. Mwombaji ameridhika. Ombi limefungwa."

Alipomwonyesha dada wa fotokopi, yule binti alijishika kichwa. "Mama, hawa hawasalimii. Hii ni mashine."

"Sasa mimi ningejuaje, mwanangu? Imeniuliza vizuri."

Waliomba upya, wakajibiwa kwamba shauri hilo lilikwisha kwa kuridhika kwa mwombaji mwenyewe. Wakakata rufaa, wakajibiwa vile vile. Mwaka uliofuata tovuti iliweka taarifa ya kujisifu kwamba wananchi karibu wote walioomba habari waliridhika. Marehemu alisomewa, akacheka mpaka akafuta machozi, halafu akasema, "Kumbe mlango nimeufunga mimi." Tulimwambia sivyo. Binti yake alimwambia sivyo. Hakuna aliyeweza kulitoa neno hilo moyoni mwake, na tangu siku hiyo hakumwangalia usoni mtu aliyekuja na ndoo.

Mwezi Februari 2023 miguu yake ilianza kuvimba. Akamwambia binti yake ni uchovu wa kukanyaga cherehani. Hospitali walisema ni figo. Daktari akamuuliza anakunywa maji gani, na kama yaliwahi kupimwa. Marehemu akasema yalipimwa. Daktari akauliza majibu yako wapi. "Yako wazi, daktari," alisema. "Ndiyo maana hayaonekani." Hilo ndilo neno kali kuliko yote tuliyowahi kumsikia akisema, na alipolisema alimwomba daktari radhi.

Alifariki asubuhi ya Jumanne, tarehe 8 Oktoba 2024. Muuguzi alikuwa amemuuliza ameamkaje, akajibu ameamka salama. Muuguzi akageuka kuandika, na ile "ila" haikusikika.

Ameacha binti mmoja, mtoto wa kiume mmoja, wajukuu wanne, kaka wawili, dada mmoja, na majirani wengi ambao asubuhi ya leo wamechota kama kawaida.

Familia inawashukuru wote mliofika, na inawaomba radhi kwa jambo moja. Maji yaliyopo hapa msibani ni ya kisima kile kile. Hatuna mengine, wala hatujui yana nini. Anayeweza kuvumilia kiu na avumilie mpaka afike kwake.

Dada yetu apumzike kwa amani, maana huku hakupumzika.