Rimu ya Nyuma ya Anguzu

Kijiwe chetu kiko Arua, kando ya barabara ya Vurra, mbele ya kibanda cha Hakim, fundi baiskeli. Ni benchi moja refu, birika la kahawa, na sahani ya muhogo wa kukaanga ambayo Prossy wa jirani huileta ikiwa bado inang'aa mafuta. Kuna desturi moja hapa: rimu, lile duara la chuma la gurudumu, haitoki kibandani kabla wazee hawajaishika. Kila mmoja hupitisha dole gumba pale raba za breki zinapouma, hufumba macho, kisha hutoa hukumu. Mimi nimehamia juzijuzi tu kutoka Koboko, kwa hiyo sijaruhusiwa kushika. Nakunywa kahawa na kusikiliza. Wazee hawa wananichosha sana, na siku nisipowaona sijisikii vizuri.

Asubuhi ile alikuja Tombe, mwanamume mwembamba kutoka Sudan Kusini, anayeendesha baiskeli ya kuruka mawe. Baiskeli hiyo haina kiti. Mtu husimama juu ya gurudumu la nyuma, breki imelibana lisizunguke hata kidogo, halafu huruka kutoka jiwe hadi jiwe. Breki ikiteleza, gurudumu hukimbia mbele na mtu huanguka chali. Ndivyo alivyoanguka Anguzu, rafiki yake, kwenye mashindano ya Koboko yaliyopita. Alilazwa hospitali ya Kuluva muda mrefu, akarudi nyumbani bila nguvu za miguu. Tangu siku hiyo kijiwe kinasema ilikuwa mvua. Mimi nilikuwepo Koboko siku ile, na jua lilikuwa kali, lakini mgeni habishani na benchi.

Tombe aliegemeza baiskeli kwenye nguzo. Alikuwa anashindana Koboko kesho yake, juu ya mawe yaleyale. Aliuliza kwa sauti ndogo:

— Wazee, mimi nataka kujua kitu moja tu. Nyuma naweka rimu gani, na raba gani? Sitaki kuanguka kama Anguzu. Bibi yangu iko na mimba.

Hakim ndiye aliyeanza, maana ni kazi yake. Alichukua kipande cha muhogo, akakitafuna taratibu.

— Rimu laini hapana. Unapitisha grenda ya kukwaruza chuma mpaka inakuwa na meno. Raba inauma pale. Lakini sikia, Tombe: rimu na mafuta ni adui. Hata mafuta kidogo ya cheni ikifika pale, breki imekwisha. Utavuta, itakuangalia tu.

Alisema hayo huku akilamba vidole. Niliona, sikufikiri chochote.

Romano alikataa. Sisi humwita Kastamu, kwa sababu alishinda ujana wake kwenye forodha ya Vurra akifungua na kufunga maturubai ya malori yanayotoka Kongo. Kwake kila jambo linaanzia mpakani.

— Wewe unasema grenda, grenda. Rimu haina kosa. Kosa iko kwa raba. Raba ikivuka mpaka ndani ya lori, inalala chini ya turubai, inapata joto, inakuwa mvivu. Ile inavuka na mutu ya miguu, mkononi, ile inashika. Mimi nimeona kwa macho yangu.

— Uliona raba ikilala? Hakim alimuuliza.

— Niliona lori ikilala. Raba ilikuwa ndani.

Wala hakucheka. Kastamu anaamini anachosema, na hilo ndilo linalotisha. Loku alikohoa. Huyu ni Jenerali, aliyekuwa mpishi jeshini, na cheo amepewa na benchi hili. Aliweka kikombe chini kama anayeanza kikao.

— Nyinyi hamjui chuma. Jeshini tuliweka sufuria nje usiku, inakunywa umande, asubuhi haiunguzi chakula. Rimu pia. Hewa ya Arua si hewa ya Koboko. Rimu ya Arua ikifika Koboko inashangaa. Inashangaa, inateleza. Tombe, peleka rimu leo, ilale Koboko, izoee.

— Na mimi nilale na yeye? Tombe aliuliza, bila utani.

— Ulale na yeye.

Waliendelea hivyo hadi birika likabaki nusu. Hakim akaongeza lami: uibandue barabarani jua likiwa kali, uipake kidogo kwenye rimu laini. Kastamu akasema lami ya upande wa Kongo ni bora. Tombe alisikiliza kila neno, maskini, akimgeukia kila anayesema. Nilimwonea huruma. Mtu anayeogopa husikiliza hata upuuzi.

Ndipo tukamwona mama yake Anguzu, Eyotaru, akivuka barabara. Hajawahi kufika kijiweni tangu mwanawe aanguke. Alibeba kitu cha mviringo kilichofungwa kwenye kitenge. Sote tulisimama, Jenerali akamwachia nafasi, lakini hakukaa.

— Anguzu ametuma hii kwa Tombe, alisema. Gurudumu ya nyuma. Ile ya siku ile. Imekaa chini ya kitanda, hakuna mutu amegusa.

Alifungua kitenge. Rimu ilikuwa ya grenda, meno yake bado makali. Kabla Tombe hajanyoosha mkono, wazee walikuwa wameshalipokea gurudumu. Hakim alipitisha dole gumba, akafumba macho. Akampa Kastamu. Kastamu akampa Jenerali.

— Hii ni rimu ya kweli, alisema Jenerali. Hata siku ile nilisema hivyo.

— Ni kweli, mama, Hakim aliitikia. Tuliishika sisi wote, hapahapa, siku ya mwisho kabla ya Koboko. Ilikuwa haina kosa.

Eyotaru alilichukua gurudumu, akaligeuza juani. Nilikuwa karibu, nikaona anachokiona. Kwenye chuma palikuwa na alama tatu mbichi za mafuta zinazong'aa. Kando yake palikuwa na nyingine za zamani, zilizoshika vumbi na kuwa kahawia, raba imezisugua upande mmoja bila kuzimaliza. Upana wake ulikuwa uleule, wa dole gumba. Mama yule hakukasirika. Aliuliza kama anavyouliza mtu aliyetumwa.

— Mimi nilitaka kuosha. Anguzu alikataa. Alisema kwanza niende kwa wazee, niulize: hii vidole ya zamani iko ya nani?

Hakim alipangusa vidole vyake kwenye suruali. Kastamu alitazama upande wa Vurra. Jenerali aliificha mikono yake mgongoni.

Tombe alilipokea gurudumu kwa kitenge, bila kuligusa, akamwomba Prossy sabuni na maji. Hakutuuliza tena habari ya raba. Sahani ya muhogo ilikuwa bado katikati ya benchi, na hakuna aliyenyoosha mkono.