Chetezo cha Mama Coumba

Ndani ya treni ya kutoka Rufisque kwenda Dakar, Demba aliinamia gazeti, lakini masikio yake yalikuwa kwenye kiti cha mbele. Mama Coumba, aliyepakata chetezo, alikuwa akienda kupigwa picha za faragha, zile za kitandani na nguo chache, na binti aliyeketi naye alishapigwa. "Nitavua zote?" "Unavua unazotaka, mama. Mpiga picha ni mwanamke, na mlango unafungwa. Mwanzoni utakakamaa kama uko polisi, kisha utajisahau." "Na shanga?" "Shanga zibaki kiunoni. Ila chetezo usikiwashe. Mimi nilifukiza udi, picha zangu zote zikatoka ukungu mtupu."

"Mwanamke asiyenukia ana tofauti gani na kabati?"

Demba alikubali kimoyomoyo. Stesheni yake ilikuwa imeshapita.

"Picha haina harufu, mama. Mumeo ataona moshi tu."

Treni ikasimama. Mama Coumba akakaza kilemba, akainuka na chetezo chake. "Mume yupi, mwanangu? Eda nimeimaliza wiki iliyopita. Hizi picha nitaziangalia mwenyewe."