Gemu ya Matofali: Mchezo Mwepesi au Mzito?

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Katibu Tarafa. Ndugu Mwenyekiti wa Kijiji. Bwana Shamte, Mtendaji wetu. Viongozi wa dini mlioketi mbele. Wazee, wazazi na wananchi wote wa Namchule.

Walio wadogo kwako wanakuamkia shikamoo. Bi Pili anasubiri ya kwako, kwa sababu anasema alikuwepo msibani kwa babu yako ulipokuwa ungali unabebwa mgongoni. Tunaendelea.

KARIBU NAMCHULE

Mgeni rasmi, ahsante kwa kuja kutuzindulia tangi. Wewe umezaliwa huku juu, hatuna haja ya kukueleza habari za maji. Mama zetu waliteremka bondeni na mitungi, sisi tukateremka na ndoo, kisha bomba likaja tukajifunza kukaa foleni tangu alfajiri tukingoja koki ikohoe. Tangu juma lililopita tangi hili linajaa na koki zote zinatoa maji. Wapo kati yetu wanaoamka alfajiri mpaka leo kwa mazoea. Wanafika, wanajaza, halafu wanabaki wamesimama na ndoo zao wasijue waende wapi.

Anayekusomea, kwa niaba yetu sisi akina mama wa foleni ya maji, ni Theodora, Mama Gift, mke wa Bernard. Kwao ni Lulindi, huku amekuja kuolewa. Tulimchagua kwa sababu sauti yake haitetemeki mbele ya watu. Leo ikitetemeka utatusamehe, maana risala hii inamhusu kuliko mtu mwingine yeyote hapa, na tumemwandika humu kwa jina lake kana kwamba hayupo. Hilo alilitaka mwenyewe. Alisema akisoma "mimi" atalia njiani, lakini akisoma "Theodora" atafika mwisho.

GEMU ILIVYOINGIA KIJIJINI

Msimu wa korosho wa mwaka tisini na sita, wanunuzi binafsi walikuwa wamezoea kupanda huku na malori yao, na kila lori lilikuja na duka lake: redio, kofia, sufuria, saa za mkono. Bernard alipeleka korosho zake. Mnunuzi akaishiwa chenji, akamfidia kwa kidude cha plastiki chenye kioo na vibonyezo. Bernard alirudi nacho nyumbani akiwa amekifunga kwenye leso.

"Baba Gift," Theodora akamwambia, "umepeleka korosho umerudi na mwanasesere?"

"Si mwanasesere. Ni gemu. Ukiizoea utanishukuru."

Hakumshukuru, ila baada ya muda mfupi Bernard hakuiona tena. Theodora alikuwa ameitia kwenye pindo la kanga akaenda nayo kwenye foleni ya maji.

Kwa ambao hawajaiona: vipande vinashuka kutoka juu ya kioo, wewe unavigeuza na kuvipanga ili mstari ujae. Ukijaa, unafutika. Usipojaa, vinarundikana hadi juu na umekwisha. Vipande vyenyewe tumevipa majina yetu: mchi, jembe, sabuni, kigoda na nyoka. Mchi ndio unaongojwa na kila mtu, na ndio usiokuja unapohitajika. Hakuna anayeshinda katika mchezo huu, mgeni rasmi, kuna anayechelewa kushindwa tu, na jambo hilo lilitushangaza tangu siku ya kwanza.

Tukajiwekea utaratibu. Anayecheza anacheza mpaka afe, kisha anampa wa nyuma yake. Wakati anacheza, jirani yake humsogezea ndoo ili asipoteze nafasi. Kabla ya hapo foleni yetu ilikuwa ya matusi na kusukumana, na wewe mwenyewe umewahi kuletewa kesi zetu. Jiulize kwa nini kesi zilikatika.

SWALI LILILOTUSUMBUA

Ndani ya kikundi chetu pana pande mbili. Hatukuona sababu ya kukuficha, maana risala nyingi husomwa kana kwamba watu wote wana ulimi mmoja.

Upande wa kwanza ni wa Bi Pili. Yeye anasema gemu hii ni mchezo mwepesi, wa kupitishia muda. Anaicheza huku anatafuna muhogo, mjukuu yuko mapajani, na mdomo haupumziki. "Jamani," husema, "mchezo unaochezwa na mtu mwenye muhogo mdomoni mtauitaje mzito?"

Upande wa pili ni wa Theodora. Akishika gemu hasemi. Ukimsalimia haitikii, na watu wa Lulindi kwa salamu unawajua. Akiwa jikoni hupanga kuni kwa namna ya kujaza mstari. Kanisani huangalia matofali ya ukutani mpaka Bernard amguse kiwiko. Kwake yeye huo ni mchezo mzito kuliko wowote, na anayeucheza ovyo anauvunjia heshima.

Tungemaliza hapo kama Theodora angekuwa anampita Bi Pili kila siku. Hampiti. Kuna asubuhi Bi Pili alimwacha mbali sana huku akitusimulia harusi ya Chiwata, na alipokatisha hadithi ili acheke, kipande cha nyoka alikuwa ameshakipanga. Theodora alibeba maji yake akaenda zake bila kuaga mtu. Sisi tukabaki tunajiuliza: kama anayecheka na anayekunja uso wanafika mahali pamoja, basi uzito uko kwenye mchezo au uko kwa mchezaji?

Theodora hakuweza kulala na swali. Alipoteremka Masasi kumwona dada yake, aliingia kwa Alfredi, kijana mwenye banda la gemu za televisheni karibu na stendi. Akamwonyesha yake.

"Shikamoo mama. Huo ni wa kupumzishia vidole," Alfredi akasema. "Mzito ni huu wangu. Una maadui, una vita, na ukimpiga mkubwa wao umemaliza."

"Marahaba. Ukishamaliza unafanya nini?"

"Naanza tena."

"Sasa umemaliza nini, mwanangu?"

Alfredi akacheka, akajikuna kichwa, akasema hajawahi kuulizwa. Akaomba aijaribu kidogo tu. Wateja wake walilalamika, wakagombana, wengine wakaondoka, naye bado ameinamia kioo. Alipoirudisha alisema, "Mama, huu sasa sijui niuite nini." Theodora alirudi na jibu hilo, nasi tukalipokea kama lilivyo, kwa kuwa la kijana yule lilikuwa la kweli.

Tukajaribu kipimo kingine, cha maongezi. Mwanzoni, vipande vinaposhuka taratibu, sote tunaongea. Spidi ikipanda sauti zinapungua moja moja, na spidi ya juu kabisa hata Bi Pili hunyamaza, ingawa hukana. Ni kama ndoo yetu ya zamani: kuteremka nayo bondeni ilikuwa matembezi, kupanda nayo ilikuwa adhabu, na ndoo ni ileile. Kwa hiyo wengi wetu tunaona kwamba mchezo huu una mlango wa chini, hata mtoto anaingia, lakini nyumba ya ndani ni kubwa na hatujamwona aliyeizunguka yote.

Jambo la mwisho ni la bao. Hatuna ugomvi na bao. Baba zetu wamelicheza, waume zetu wanalicheza, na anayelijua tunamheshimu. Tunauliza tu kwa kutaka kujua. Wanaume wakikaa kwenye bao mpaka jua linazama, inasemekana wanapima akili. Mwanamke akishika gemu huku anangoja maji, inasemekana anapoteza muda. Inawezekana watu hawautazami mchezo, wanamtazama aliyeketi.

TULIVYOTELEZA

Mgeni rasmi, hatukuja kujisifu tu. Kuna wakati mchezo ulitukolea, tukaamua kwamba mwenye alama nyingi ndiye achote maji wa kwanza. Tuliona ni haki kabisa. Tulisahau kwamba kiu haijui alama. Julia, ambaye hajawahi kuvuka spidi ya kwanza, alirudi nyumbani na ndoo kavu wakati binti yake amejifungua. Kesho yake wifi yake alikuja badala yake, na hakuja kucheza. Ndoo ziliruka, mabibo yaliruka, na Bwana Shamte alipofika alikuta mchanga umelowa na maji hakuna.

Siku hiyohiyo aliichukua gemu akaifungia kwenye droo ya ofisi. Kwa kosa letu lile hatumlaumu. Julia tumemwomba radhi, Theodora akiwa wa kwanza, na utaratibu ule tuliufuta.

CHANGAMOTO

Changamoto yetu ni kwamba gemu haijarudi. Bwana Shamte alitusomea amri ya kijiji: michezo ya kupotezea muda ni marufuku saa za kazi. Bao limeachwa kwa kuwa ni utamaduni. Mchezo mwingine wowote wa mashindano sharti upate kibali.

Juzi alimwita Theodora. Alimkaribisha vizuri, akampa kiti. "Mama Gift," akasema, "nyie someni mbele ya mgeni kwamba kile ni kichezeo cha kupotezea muda tu. Nakurudishia palepale, unaenda nacho nyumbani anachezea Gift, yaishe. Mkianza kusema ni mchezo wa maana, mambo yatakuwa marefu, na mimi kitabaki kwangu."

Tunaamini alisema kwa wema. Tunaamini pia kwamba anakitunza vizuri, kwa sababu tukipita dirishani kwake tunakisikia kikiimba, na kuna watu waliofuata barua za utambulisho wakaambiwa wasubiri kidogo, mpaka kikanyamaza.

Sentensi aliyoitaka Bwana Shamte ilikuwa imeandikwa hapa, mahali hapahapa anaposoma Theodora. Wengi wetu tuliikubali. Tulisema ni maneno tu, tuyaseme, tupewe kitu chetu, twende zetu. Jana tulipokutana kuipitia risala, aliyeikataa wa kwanza alikuwa Bi Pili, yule ambaye miaka yote anasema mchezo ni mwepesi.

"Futeni," akasema. "Mimi nauita mwepesi kwa sababu naupenda. Shamte anauita mwepesi ili usiwepo. Hayo si maneno mamoja."

Tukamgeukia Theodora, kwa kuwa gemu ni yake na atakayekosa ni yeye.  Akasema: "Nimekuwa mke, nimekuwa mama, nimekuwa mkulima. Hayo nilikabidhiwa, na nayafanya. Hili nililigundua mwenyewe kwamba naliweza. Nikishika kile kidude, kichwa changu kinakuwa changu. Nikisimama mbele za watu nikasema ni cha kupotezea muda, nitakuwa nimesema muda wangu ni wa kupotezwa."

Tuliifuta sentensi. Theodora ndiye aliyeshika kalamu.

Halafu akatuuliza swali ambalo hatukuwa tumeliona, na tangu jana linatusumbua. Miaka yote tulijitetea kwa foleni. Tulisema, tunangoja maji, tufanyeje? Sasa wewe, mgeni rasmi, umetuletea tangi, na foleni haipo. Kama mchezo ulikuwa wa kungojea tu, basi leo tunauzika pamoja na foleni, na Bwana Shamte hana haja ya kufunga droo. Tulitazamana. Kila mmoja alikuwa anajua moyoni kwamba asubuhi ile alikuwa amejaza ndoo mapema, na bado alikuwa amekaa pale chini ya koki na wenzake, mikono mitupu, bila kungoja chochote.

MAOMBI YETU

Tunaomba mchezo wa matofali uandikwe kijijini pamoja na bao, uchezwe mtu akishamaliza kazi zake, mwanamume kwa mwanamke.

Tunaomba usituamulie kabla hujaucheza. Bwana Shamte anaweza kukileta kidude sasa hivi, ofisi ni hapo tu. Kuhusu betri hatuna wasiwasi. Anza spidi ya chini, ongea na jirani yako kadiri utakavyo, na utakapojikuta umenyamaza utajua umefika wapi.

Ukimaliza, utuambie ulivyouona. Ukisema ni mwepesi kama asemavyo Bi Pili, tutacheka pamoja nawe na kubishana mpaka chakula kiive. Ukisema ni mzito, Theodora atakupa mkono. Lakini ukiona vema kuturudishia kwa jina la kichezeo cha mtoto, ili mambo yaishe, basi kwa heshima zote kibaki kwa Bwana Shamte. Theodora hatakipokea, nasi hatutampokelea. Itamuuma sana, na sisi itatuuma, lakini ndivyo tulivyokubaliana.

Maji yapo, mgeni rasmi. Hatungoji kitu tena. Tunataka kucheza.

KWA KUAGANA

Mwenyezi Mungu aliyeyapandisha maji mpaka huku juu ayadumishe. Akupe afya wewe na nyumba yako, akurudishe salama, akulainishie vidole. Wapishi wanasema ming'oko imeiva, usiondoke.

Ni sisi akina mama wa Namchule, mpaka juma lililopita tukiitwa wa Foleni ya Maji, kuanzia leo

KIKUNDI CHA WACHEZA MATOFALI.